Kuh: Mtoto amechukuliwa na ustawi wa jamii Marekani, familia ianzie wapi?

Ndugu zangu,

Swali la jana linawahusu wengi, basi najibu hapa bila kuigusa kesi ya mtu. La kwanza ni kalenda. Sheria ya shirikisho ya 1997 inaitaka idara ya ustawi wa jamii, kwa kawaida, iombe mahakama imwondolee mzazi haki zake mtoto akishakaa kwenye malezi ya kambo (kulelewa nje ya kwao chini ya idara) miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Toa muda wa kungoja mkalimani, toa foleni ya darasa la malezi, toa vikao vinavyoahirishwa, uone kinachobaki.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza, ambacho kwa kawaida huitishwa ndani ya siku chache, mzazi aseme wazi: "Sina uwezo wa kulipa wakili, naomba mahakama initeulie." Majimbo mengi hutoa wakili bure, lakini mara nyingi ni mpaka uombe. Siku hiyohiyo akabidhi orodha ya ndugu wanaoweza kumpokea mtoto. Idara ina siku 30 tangu mtoto aondolewe kuwatafuta ndugu watu wazima na kuwaarifu, ila itampataje mtu ambaye jina lake limeandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu? Hapa lugha yetu hutuponza. Ukisema "mama mdogo", kesho ukamwita "mama" tu, faili litaonyesha mtoto ana mama wawili na mzazi anajikanganya. Andika: dada wa mama, baba mmoja mama mmoja, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, simu, mji. Mtoto akikaa kwa ndugu, idara inaruhusiwa kutofungua yale maombi ya miezi 15. Ndiyo maana orodha hii naiweka mbele ya mengine yote.

---

Asante, kaka. Naongeza ukalimani, maana huko ndiko kesi nyingi huharibikia kimyakimya.

Idara zinazopokea fedha za shirikisho zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, zimpe mzazi mkalimani bila malipo. Msikubali mtoto, jirani wala mchungaji akalimani. Tajeni na Kiswahili chenyewe: mzazi wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wataelewana kwenye salamu, kwenye masharti ya mahakama wakapotezana. Kama lugha ya nyumbani ni Kibembe, ombeni Kibembe.

Neno moja la kuchungwa: shtaka la kutomtunza mtoto ipasavyo likifasiriwa "kutelekeza", mama atajibu kwa uchungu "Sijamtelekeza mwanangu!", na afisa ataandika kwamba anakana kila kitu. Neno lisipoeleweka, aseme hapohapo ili iingie kwenye kumbukumbu. Ile "ndiyo" yetu ya kuitikia kwa heshima huandikwa kuwa amekubali.

Mpango wa kesi, yaani karatasi ya masharti anayopewa mzazi, unatakiwa uandikwe ndani ya siku 60 tangu mtoto aondolewe. Aombe ufasiriwe, na kwa kila sharti aulize: wapi, lini, nani analipa, darasa lina Kiswahili? Kama halina, wakili alipeleke mbele ya hakimu mapema. Mapitio huja angalau kila miezi 6, na asiyelalamika kwenye la kwanza huulizwa kwenye la pili alikuwa wapi.

---

Wakubwa, shikamooni. Nami nina machache.

Wekeni daftari la ziara: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, nani alisimamia, mtoto alisema nini, na ziara ikifutwa, nani aliifuta. Idara ikifuta, tuma ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo kuomba siku nyingine. Bila maandishi, faili linaweza kusomeka "mzazi hakufika".

Shangazi aliye jimbo lingine asiende kumchukua mtoto kabla ya kibali. Kuna mkataba kati ya majimbo, ICPC, unaotaka nyumba yake ichunguzwe kwanza. Sheria ya 2006 imeweka siku 60 za kukamilisha ripoti. Wakili aombe uchunguzi uanze mara moja, hata kama mpango bado ni mtoto kurudi nyumbani.

Kuhusu ubalozi: Mkataba wa Vienna wa 1963 unazitaka mamlaka zimwarifu balozi mdogo wa nchi ya mtoto pale mtoto asiye raia wa Marekani anapokaribia kuwekewa mlezi kisheria. Kwa familia iliyoikimbia serikali hiyohiyo, hiyo ni hatari. Mzazi amwambie wakili wake hilo siku ya kwanza, kabla barua haijatumwa.