Mrejesho: timu yangu ya Dar, Muscat na Berlin

Wakuu, salaam. Niliuliza nifanyeje na kikao cha Ijumaa ambacho watu wa Oman hawatokei, na wakitokea hawasemi kitu.

Ijumaa tumeifuta. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku za pamoja ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Tumehamia Jumanne saa nne asubuhi ya Dar. Muscat saa tano, Berlin saa tatu. Mwisho wa Oktoba Wajerumani watarudisha saa nyuma, kwao iwe saa mbili, na mmoja ameshaanza kununa. Atazoea.

Ukimya ndio ulionishangaza. Aliyeshauri ajenda itumwe mapema na watu wajibu kwa maandishi, Mungu ambariki. Dada wa Muscat asiyefungua mdomo kikaoni aliandika kurasa mbili za kasoro za mfumo wetu wa malipo, zote za kweli. Kumbe hakutaka kumpinga mkubwa wake mbele ya watu. (Mwenzetu wa Berlin anapinga hata salamu.)

Imebaki Ramadhani: sheria ya Oman inawapunguzia Waislamu muda wa kazi, usizidi saa 6 kwa siku. Mliopitia hilo, ratiba mnaipangaje?