Yuro 10 kuingia Venice kwa miguu: haki au uonevu?

Mwanzisha mada
Wakuu, naleta hili kwenu maana sisi wenyewe tumeshindwa kuelewana.

Tulikuwa wanne, Jumamosi moja ya Mei 2025, tumepanga kuzunguka Venice, ule mji wa mifereji wa Italia, kwa miguu kutwa nzima kisha kila mtu arudi kwake. Mimi naishi Padova, wenzangu watatu walitokea Bologna. Utaratibu wa mji ni kwamba anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa siku zilizotangazwa, akiingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni, lazima alipe kiingilio. Ukilipa mapema ni yuro 5, ukisubiri hadi siku tatu za mwisho ni 10. Wenzangu walikumbuka usiku wa kuamkia safari, ikawatoka yuro 10 kila kichwa. Mimi sikutoa hata senti, kwa kuwa mkazi wa mkoa wa Veneto, wenye Venice na Padova, anasamehewa. Nje ya stesheni ya Santa Lucia wao wakatoa simu zikaguliwe, mimi nikatoa kitambulisho. Mmoja akanigeukia: "Haya mwenyeji, tutembeze." Tulicheka, lakini utani ule ulikuwa na mwiba.

Hoja yangu: kiingilio hiki hakipunguzi watu. Kutoka stesheni hadi daraja la Rialto tulikwenda kwa kusukumana, kuna vichochoro ambavyo mtu hapishani na mwenzake mpaka ageuke ubavu. Mwaka 2024 walijaribu kwa siku 29, wakakusanya kama yuro milioni 2.4. Mwaka 2025 siku zikawa 54. Kama shida ni msongamano, mbona hawakuweka ukomo wa idadi? Ukilipa unapita, hata mkiwa laki. Hiyo ni tiketi ya makumbusho, na pale watu wanaishi, wanaanika nguo.

Mzee wa Bandarini
Mkuu, wewe uliyesamehewa ndiye unayelia kuliko waliolipa?

Umeona taka za Venice zinavyozolewa? Lori haliingii. Mtu anasukuma mkokoteni mlango kwa mlango, anaupandisha daraja na kuushusha, mpaka kwenye boti. Chupa uliyotupa saa sita mchana inapita mikononi mwake. Anayelala hotelini tayari analipa kodi ya kulala. Nyie mnaokuja na mikate kwenye mkoba mkaondoka jioni, mnaacha nini? Tiketi moja tu ya vaporetto, ile boti ya abiria, ni yuro 9.50. Hapo hamkupiga kelele.

Mwanzisha mada
Ya mikate umenipata. Tena tuliila wima, maana kukaa kwenye ngazi pale uwanja wa San Marco ni faini.

Mwana wa Shangani
Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, na haya nimeyaona kwetu. Mgeni anayepita hana neno, anatazama mlango wenye nakshi, anapiga picha, anakwenda zake. Kazi ipo jirani anapogeuza nyumba kuwa ya wageni, na mwingine akafuata, mpaka mtoto wako akioa hapati pa kupanga mtaani kwao.

Mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi kama 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Kiingilio kimeanza 25 Aprili 2024. Waliohama miaka yote hiyo nani kawahamisha, mtembea kwa miguu wa siku moja? Kwetu mgeni kutoka nje analipa bima ya dola 44 tangu Oktoba 2024, na sijasikia kodi ya nyumba Shangani imeshuka.

Dada wa Nyali
Mnaisahau hatua iliyofanya kazi. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za watalii haziruhusiwi kupita mbele ya San Marco. Tangu 2024 kundi la kutembezwa halizidishi watu 25, na vipaza sauti ni marufuku. Hayo unayaona kwa macho.

Halafu nani amewatuma asubuhi? Mimi nilifika saa kumi na nusu jioni, sikulipa. Nikajipitia mtaa wa Cannaregio polepole, bibi mmoja anavuta kikapu chake cha magurudumu darajani, ngazi moja baada ya nyingine. Nilikuwa peke yangu naye.

Mwanzisha mada
Dada, jioni treni ya Bologna ingewaacha wenzangu.

Ila Mwana wa Shangani amenikumbusha kitu. Karibu na Rialto kuna duka la dawa lenye tarakimu za taa dirishani, zinahesabu wakazi waliobaki. Siku ile zilisoma 48,000 na ushee. Yule aliyeniita mwenyeji alisimama pale muda, akasema, "Yuro 10 zangu zikiongeza hata mtu mmoja hapo, nalipa tena kesho." Hakuna aliyemjibu.

Aliyeko Venice kwenyewe, mpangaji hasa, atuambie dirisha linasomaje leo.