Mapambo ya meza kwa mahafali ya mdogo wangu: krepu, maputo au chupa? (Kigoma mjini)

BintiMlole
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu wa kike anamaliza kidato cha nne mwezi huu, na nyumbani tumekubaliana tumfanyie kasherehe kadogo jioni ya siku ya mahafali. Mpambaji mmoja kanitajia laki tatu kwa mapambo ya meza peke yake, bila viti wala turubai. Nikamwambia asante, nitarudi. Sirudi.

Nataka kutengeneza mwenyewe. Nimebaki na njia tatu: maua ya krepu (ile karatasi laini yenye mikunjo), maputo ya kufunga kwenye vijiti, au chupa za kioo nizivishe kitenge niweke mshumaa juu. Ipi inapendeza na haitanimaliza? Nina elfu hamsini, ikibaki chenji nitafurahi.

Mzee wa Katubuka
Meza ngapi? Ndani au nje? Wanakula mezani au wanakula wapi? Binti, umekwenda kwa fundi cherehani halafu unakataa kupimwa.

MamaPacha_Gungu
Krepu mdogo wangu, usihangaike. Nimepamba kipaimara mbili na harusi ya wifi yangu kwa krepu tupu. Siri ni moja: krepu inavutika upande mmoja tu. Kata petali zako zifuate urefu wa ile mikunjo, halafu shika petali kwa vidole gumba viwili uivute katikati, inajibonyeza yenyewe kama kijiko. Wengi wanaikata kinyume halafu wanasema krepu ni mbaya. Petali tano au sita, zungushia kwenye kijiti cha mshikaki, funga uzi, shina livishe krepu ya kijani. Ukiwa na watoto wawili wa kukukatia, jioni moja unamaliza.

dereva_wa_Kasulu
Mama Pacha umesahau jambo moja: mwezi huu ni Oktoba. Mvua zimeanza kuchungulia. Krepu ikilowa inachuja rangi kama kanga mpya. Nimeona shati jeupe la mjomba likigeuka la waridi kwa sababu alipokea shada la krepu kwenye manyunyu. Kama sherehe ni nje, krepu nyekundu na zambarau kaa nazo mbali.

MamaPacha_Gungu
Ndiyo maana kuna turubai, dereva.

dereva_wa_Kasulu
Turubai kasema hana. Soma uzi kuanzia juu.

MamaPacha_Gungu
Kasema mpambaji hakuliweka kwenye bei. Hakusema hana. Soma wewe.

Ujiji_Kwetu
Mimi nauliza hizo chupa. Ni chupa za nini? Kama ni za soda, ujue zina mwenyewe, muuza duka atazidai na kreti lake. Kama ni zile za kuokota nyuma ya baa, mimi kwetu Ujiji baba akiona chupa ya konyagi mezani, hata ikivaa kitenge, sherehe imekwisha. Umbo lake linajulikana! Hata watoto wanalijua.

BintiMlole
Hahaha. Ni mchanganyiko, mengine ni makopo ya kioo ya jemu na chupa za tomato sosi. Za baa zipo nne tu.

Ujiji_Kwetu
Hizo nne ziache. Za sosi na jemu loweka kwenye maji ya moto na sabuni usiku mzima, karatasi itavuka yenyewe. Gundi ikibaki, paka mafuta ya kupikia, subiri kidogo, sugua na jivu. Ila yasiwe mawese, utaanza kazi upya.

Nahodha Mstaafu
Ngoja niwaeleze yaliyonikuta, maana naona mnaelekea kulekule.

Mwaka juzi binti yangu alihitimu chuo. Mimi na mama yake tukaona tusitupe hela, tukachukua makopo ya kioo ishirini, tukaweka mchanga hadi nusu na mshumaa katikati. Wazo zuri, tena mchanga unasaidia: kopo linakuwa zito, mshumaa unasimama wima, na upepo hauingii kirahisi kwa sababu moto uko chini ya mdomo wa kopo. Mpaka hapo sina kosa.

Kosa langu ni mahali nilipochota mchanga. Nilikuwa na shughuli Kibirizi, nikaona mchanga mweupe, msafi, mkavu, nikajaza ndoo mbili. Sikujiuliza kwa nini umekauka vizuri hivyo. Ndugu zangu, pale ndipo wanapoanika dagaa!

Baridi ya asubuhi haikusema kitu. Mchana haukusema kitu. Tulipowasha mishumaa saa moja jioni, ule mchanga ukapata joto, ikaanza harufu. Kwanza wageni walidhani inatoka jikoni, mzee mmoja akauliza kama migebuka iko tayari. Baada ya robo saa kila meza ilikuwa inanuka chombo kilichorudi alfajiri. Kisha wakaja paka. Sijui walijuzana vipi. Mmoja alipanda meza kuu wakati MC anamkaribisha mkwe mtarajiwa aseme machache, akaingiza mguu kwenye kopo, kopo likaanguka, mchanga wote kwenye pilau.

Binti yangu hadi leo akinipigia simu anaanza na "miau".

Kwa hiyo mchanga weka, lakini uoshe mara tatu na uukaange kwenye sufuria kuukuu. Au weka mchele. Mchele unaupika kesho yake.

Mzee wa Katubuka
Nahodha umeniua. Ila hoja yake ya uzito ichukueni. Sisi tunaokaa huku mlimani tunaujua upepo wa ziwani ule wa alasiri. Pambo lolote lisilo na kitu kizito chini litaokotwa kwa jirani. Na wewe binti, bado hujajibu. Meza NGAPI?

Mwl. Mstahimilivu
Samahani nitoke nje ya mada. Kidato cha nne mtihani ni Novemba. Mnamfanyia mtoto sherehe ya kuhitimu kabla hajafanya mtihani? Matokeo yakija Januari mtafanya sherehe nyingine au mtarudisha keki? Mimi nimefundisha miaka mingi, wiki za mwisho kabla ya mtihani ni za kujisomea, siyo za kujaribu gauni.

MamaPacha_Gungu
Mwalimu, mahafali ya shule nayo yanafanyika kabla ya mtihani, na nyie walimu mnakaa mbele kabisa mnakula kuku.

Mwl. Mstahimilivu
Kuku nakula. Hoja yangu iko palepale.

dereva_wa_Kasulu
Mwalimu kasema kweli kidogo. Ila kumaliza miaka minne si jambo dogo, hasa kwa binti. Wangapi walianza nao na leo hawapo darasani? Mwacheni afurahi jioni moja.

Tupo_Mwanga
Maputo hamjayagusa. Mimi nayapigia kura. Bei chee, rangi unachagua, na yanajaza macho hata kama meza haina kitu kingine. Cha muhimu usiyajaze mpaka yawe kama tikiti. Yaache yalegee kidogo, kwa sababu hewa ndani ikipata joto inatanuka. Yapulize jioni ileile, siyo asubuhi, na uwe na pampu ya mkono. Ukipuliza hamsini kwa mdomo utalala kabla ya wageni.

Ujiji_Kwetu
Na yakipasuka? Kwenye aqiqa ya mpwa wangu lilipasuka moja, bibi akamwaga chai. Na vile vipande vya mpira watoto wadogo wanavitia mdomoni, ni hatari, mtoto anakabwa.

Tupo_Mwanga
Basi weka meza kuu tu, watoto hawafiki.

Nahodha Mstaafu
Paka walifika.

mpenda_vya_bure
Mbona hakuna aliyetaja maua ya mifuko ya rambo? Zamani dada zetu walikuwa wanakata mifuko wanatengeneza mashada yanang'aa, hayalowi, hayachuji rangi.

Mzee wa Katubuka
Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, ndugu. Umeificha wapi?

mpenda_vya_bure
Nilikuwa nauliza tu.

Fundi_Cherehani_Mwanga
Naomba niseme kama mtu wa vitambaa. Dada, kwenye njia zako tatu umeigusa nzuri halafu ukaipita: kitenge. Usinunue kipya. Nenda kwa fundi yeyote, muombe mabaki. Kila fundi hapa Kigoma ana kiroba chini ya meza, maana vitenge vya Kongo na Burundi ndivyo tunavyoshona kila siku. Mimi nagawa bure, wengine wanasafishia baiskeli.

Unga vipande upana wa shibiri moja na nusu, urefu uzidi meza kidogo ili uning'inie pande zote mbili. Unaulaza katikati ya meza juu ya shuka jeupe. Kwenye ncha shona pindo kama mfuko mwembamba, tia kokoto mbili tatu. Upepo wa ziwani uje na ndugu zake, kitambaa hakitoki. Mvua ikinyesha unakamua. Sherehe ikiisha ni foronya.

Halafu juu yake chupa moja ya sosi, ndani maua mabichi ya bogenvilia au majani tu. Bogenvilia hunyauka upesi, kwa hiyo kata jioni jua likishapoa, shina likate mshazari, tia kwenye maji papo hapo. Na pambo lisivuke kidevu cha mtu aliyekaa. Watu wanataka kuonana wanapokula, na sinia la pilau linataka nafasi.

MamaPacha_Gungu
Fundi umeongea vizuri lakini kitenge ni kitenge, hakina sherehe. Mahafali yanataka kitu kinachong'aa. Hata kofia ndogo za mahafali za karatasi ya manila nyeusi, na kishada cha uzi wa manjano, juu ya chupa. Hiyo ndiyo mtu anapiga picha.

Fundi_Cherehani_Mwanga
Kofia za manila nazikubali. Mraba juu, ukanda wa duara chini, gundi, uzi. Ila ukizivisha chupa ya mshumaa unachoma nyumba.

dereva_wa_Kasulu
Mimi ningeweka chikichi. Kishada kibichi chekundu kwenye ungo, katikati ya meza. Pambo gani la Kigoma linazidi hilo? Na bure, tuna shamba.

Ujiji_Kwetu
Na mashuka meupe ya kukodi unayalipia wewe? Chikichi ikibonyezwa tu, mafuta hayo. Wifi yangu aliwahi kulipishwa shuka zima, wakati angeambiwa tu aoshe kwa sabuni ya maji alianike kwenye jua kali siku mbili tatu, ile rangi ya mawese jua linaila.

dereva_wa_Kasulu
Si nimesema kwenye ungo?

BintiMlole
Samahanini wote, jana mtandao ulikuwa chini. Nimesoma yote, nimecheka ya Nahodha mpaka mama akauliza kuna nini.

Majibu: ni nje, uani kwetu, kuanzia saa kumi na moja. Turubai tumepata la msikitini. Wageni kama sabini. Meza ni nne: meza kuu, ya keki, na mbili za wazee. Wengine tunakaa kwenye mikeka na sinia kama kawaida.

Mzee wa Katubuka
Meza NNE???

Tupo_Mwanga
Watu wametoa ushauri wa ukumbi wa mkoa kwa meza nne.

Mzee wa Katubuka
Nne! Binti, yule aliyekutajia laki tatu alikuwa anapamba meza au anaziuza?

Fundi_Cherehani_Mwanga
Meza nne njoo kesho, mabaki yapo. Unataka rangi gani?

BintiMlole
Sare ya shule yao ni bluu na nyeupe, lakini mdogo wangu anataka waridi. Mama naye anataka maua ya krepu kwa sababu harusi yake ilikuwa nayo. Nadhani nitajaribu meza moja kwanza nyumbani nione.

MamaPacha_Gungu
Mama ana akili. Salamu zake.

Mwl. Mstahimilivu
Huyo mdogo wako kwa sasa yuko wapi? Anasoma?

BintiMlole
Anakata petali, mwalimu.

Ujiji_Kwetu
Kwani keki mmeagiza wapi? Mimi nina sherehe Desemba na kila ninayemuuliza ananitajia bei ya friji.