Familia ya Nyanya Mishi: Alhamisi ya Salma

JUMATATU

Shangazi Rehema 06:12
Habari za asubuhi familia. Salma anaonwa na daktari wa wanawake Alhamisi saa tatu, Upper Hill. Nataka kujua nani anaenda naye, nani ana gari, nani anatuma nini. Jibuni mapema, si kama ile ya posa ya Hamisi.

Shangazi Rehema 08:40
Naona mmesoma.

Mjomba Jumaa 09:03
Gari lipo. Linataka tu betri, tairi moja na dereva 😂

Mama Hawa 11:27
Amina

Shangazi Rehema 11:28
Amina ya nini Mama Hawa? Sijaomba dua.

Fatuma 21:46
Shikamooni. Ndio natoka zamu. Salma, andika kwa daftari: ulivunja ungo ukiwa na umri gani, hedhi huja baada ya siku ngapi, maumivu yanapiga wapi, kama yanashuka mapajani, kama yanakukata ukienda choo. Dawa ulizomeza na kama zilisaidia. Usiseme tu "tumbo linauma". Sema umekosa nini kwa sababu yake: mtihani, kazi, usingizi.

Shangazi Rehema 21:47
Mmesikia? Mama Salma, mnunulie daftari.

Mama Salma 21:59
Analo.

JUMANNE

Mjomba Jumaa 07:15
Kwani mwanamke gani hasumbuliwi na mwezi? Aolewe, azae mmoja, tumbo litatulia lenyewe.

Fatuma 13:20
Mjomba, kwa heshima yako, mimba si dawa. Tunashuku endometriosi. Nyama mfano wa utando wa ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, kwa ovari, hata kwa utumbo. Ni kama mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, ugonjwa huu ulimfika hadi kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka.

Hamisi 13:22
Yule wa reggae? Haki alijua kushika maiki.

Mjomba Jumaa 13:24
Reggae ya siku hizi si reggae.

Hamisi 13:24
Mjomba umeanza 😂😂

Shangazi Rehema 13:25
JUMAA. HAMISI.

Mama Salma 14:02
Lakini ile picha ya kwanza ilisema yuko sawa. Tukarudishwa nyumbani na Panadol.

Fatuma 14:30
Ultrasaundi inaweza kuonyesha hakuna kitu na ugonjwa upo. Wakati mwingine ni mpaka waingize kamera tumboni. Beba ripoti hiyo hiyo, na chupa ya maji, wakitaka kupiga nyingine ya tumbo watataka kibofu kimejaa. Na wakimpa vidonge vya kupanga uzazi msishtuke, hutumika kutuliza.

Mama Salma 14:33
Vidonge vya kupanga uzazi? Msichana hajaolewa?

Mama Hawa 15:10
Na mchango wa hiyo picha ya kwanza ulibaki kwa nani? Mimi nilituma 2,000.

Shangazi Rehema 15:11
Usianze. Risiti niliweka hapa hapa.

Mama Hawa 15:19
Uliweka ya mahema.

Nyanya Mishi 19:05
🎤 Sauti (1:12)

Hamisi 19:20
Niko kwa matatu, muziki juu. Nyanya amesema nini?

Kadzo (Voi) 19:31
Naandika kama alivyosema. "Jumaa, hilo la azae kwanza ndilo tulilomwambia Mwanaisha. Tukamwoza, akaachwa, tukamwita tasa. Kila mwezi alikuwa anauma leso nisisikie, na mimi nalala chumba cha pili, nasikia. Sitaki neno hilo tena nikiwa hai. Vidonge ni vidonge, apewe. Na huyo daktari aambiwe habari za Mwanaisha."

Mjomba Jumaa 22:48
Nimesikia, Mama.

JUMATANO

Fatuma 05:50
Salma, la Mwanaisha liandike juu kabisa ya ukurasa. Ugonjwa huu huandama familia.

Mjomba Jumaa 06:30
Nimepeleka gari kwa fundi.

Shangazi Rehema 06:34
Vizuri. Kesho saa kumi na mbili na nusu, Umoja, pale kwa mama wa mandazi. Mimi ndiye nitaingia naye ndani, maswali ninayo, yamejaa kurasa mbili.

Salma 12:15
Shangazi asante. Ila kwa daktari naomba niingie peke yangu, au na Fatuma. Na mengine tuandikiane pembeni, hapa kuna Hamisi.

Hamisi 12:16
Mimi sijaona kitu 🙈

Fatuma 16:40
Niko zamu kesho, natafuta wa kubadilishana naye. Nisipofika, Salma, kumbuka: wakitaka kukupima kwa ndani, waambie kama hujawahi kulala na mwanamume. Una ruhusa ya kukataa au kuomba muuguzi wa kike asimame hapo.

Shangazi Rehema 16:52
Kwa hiyo mimi nije au nisije?

Mjomba Jumaa 18:20
Fundi anasema labda Ijumaa.

Shangazi Rehema 18:21
Miadi ni KESHO Jumaa.

Mama Salma 18:45
Tutapanda matatu. Tutashuka Railways, tuunganishe.

Shangazi Rehema 18:46
Na akishikwa na maumivu njiani? Mama Salma, pokea simu.