Feni ya hita inazunguka ila hewa haiji, gari la zamani, naombeni ushauri

Kiberiti64: Wakuu heshima kwenu. Nina gari la Uingereza la 1964, hita ilikuwa inapuliza vizuri tu, siku hizi feni naisikia inazunguka lakini hewa inatoka kwa mbaali, kioo cha mbele kinajaa ukungu naendesha huku nafuta na kitambaa. Fyuzi nzima, swichi nimesafisha. Mota imekufa hiyo, nataka nishushe boksi lote la hita niweke nyingine. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Chuma Chakavu: Anzia kwenye tangazo la kuuza 😂

Mzee wa Spana: Achana naye huyo. Langu lilinisumbua hivyo hivyo, kumbe bushi zimekauka na brashi zimeisha, nikatia tone la oili nyembamba kila upande wa shafti na brashi mpya, ikatulia. Ila tulishateseka, tulikuwa safarini usiku na mama watoto, mvua kubwa, vioo vyote vyeupe, tumenuniana mpaka asubuhi. Vijana tunzeni magari kabla hayajawaumbua.

Dada Waya: Kabla hujashusha chochote pima. Washa feni, weka mita kwenye waya za mota. Ukipata karibu volti 12 umeme unafika. Ukipata 8 au 9 kuna kiungo kimeshika kutu njiani. Angalia na njia ya hewa, majani hujaa mle. Halafu kuna kitu cha umeme umebadilisha karibuni?

Kiberiti64: Napata 12 kasoro kidogo, njia ya hewa safi. Sijabadilisha kitu cha maana.

Dada Waya: Hicho kisicho cha maana ndio nakiuliza.

Kiberiti64: Redio tu dada. Gari lilikuwa na waya chanya wa betri umefungwa kwenye bodi, redio inataka waya hasi ndio uwe kwenye bodi, fundi akageuza betri. Lakini gari linawaka, taa zinawaka, dainamo inachaji, kwa hiyo sio hilo. Na mota mpya nimeshaagiza.

Dada Waya: Ni hilo hilo. Mota ya sumaku ya kudumu ukiigeuzia umeme inazunguka kinyume. Badilishana zile waya mbili za mota, kama hakuna iliyofungwa moja kwa moja kwenye ganda lake. Boksi liache.

Mzee wa Spana: Mbona langu liligeuzwa betri na feni haikubadilika?

Dada Waya: Lako litakuwa na koili mahali pa sumaku mzee wangu, zile hazijali umegeuza au hujageuza.

Bwana Shaka: Hii chai jamani. Feni ikienda kinyume si ingenyonya hewa? Na mwanzo hakusema betri, kabanwa ndio redio ikazaliwa.

Dada Waya: Inayonyonya ni feni ya mapanga kama ya rejeta. Za hita nyingi ni ngoma yenye vipanga vidogo pembeni, inarusha hewa kwa kuizungusha, ikienda kinyume hewa inatokea mlango ule ule ila haina nguvu. Ndio maana watu wanaitupa mota isiyo na ubovu.

Bwana Shaka: Basi atuambie, injini imezimwa, taa zimewashwa, mshale wa ampea mita, ile saa ya kuonyesha betri inachaji au inatoa umeme, unaenda wapi?

Kiberiti64: Unaenda upande wa kuchaji. Niliona imeharibika nikaagiza na hiyo pia.

Bwana Shaka: Eh! Injini imezimwa ulitakiwa uende upande wa kutoa, kwa hiyo umeme umegeuzwa kweli. Nimekubali, hiyo mtu hawezi kuitunga. Samahani mkuu.

Dada Waya: Ampea mita nayo geuza waya tu. Na muulize fundi kama aligeuza zile waya ndogo mbili za koili ya injini, ile ya kutoa cheche za plagi, usipogeuza cheche inakuwa dhaifu.

Kiberiti64: Sawa dada, nitageuza. Ila mota mpya ikifika naiweka tu, hii imezeeka.

Dada Waya: Haya, ila iwashe mezani kwanza uone inazungukia wapi kabla hujafunga boksi.

Mzee wa Spana: Ile ya zamani usitupe, njoo PM.