Kusamehewa kodi ya ardhi kwa jengo kuukuu: siku zihesabiwe kutoka lini?

Mkaaji wa Kaloleni: Tuseme kaunti zetu zimekubali kumsamehe kodi ya ardhi anayekarabati jengo kuukuu katikati ya mji, lakini kwa muda maalum. Muda huo uanze siku unayopeleka plani au siku inayopigwa muhuri? Nauliza kwa uchungu. Plani yangu ilikaa miezi saba kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kila nikienda, karani analivuta jalada, anapuliza vumbi, anaangalia ukurasa wa kwanza, kisha analirudisha palepale chini ya birika la chai. "Bado sahihi moja, mzee." Msamaha wa namna hiyo utaisha nikiwa bado kwenye benchi.

Rift Kabisa: Huko ziwani Kisumu kila kitu ni "bado sahihi moja". Njoo Nakuru ujenge kwenye jiji.

Kuku wa Kibuye: Omera, jiji la juzi hilo! Hati ya jiji mlipewa Desemba 2021, hata wino haujakauka. Kisumu iliitwa jiji 2001.

Rift Kabisa: Iliitwa, tena kwenye sherehe ya miaka 100. Sisi tulikabidhiwa hati mkononi. Kuitwa na kupewa ni vitu viwili, muulize bwana harusi yeyote.

Mchora Plani: Sheria ya mipango ya 2019 iko wazi: usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ombi lako huhesabiwa limekubaliwa. Miezi saba ulikuwa unangoja nini? Shida yenu mnachorewa plani vibandani, hazina hata choo.

Mkaaji wa Kaloleni: Vibandani? Aliyenichorea amesajiliwa, na vyoo vipo, tena viwili. Hizo siku 60 zako kamsomee askari wa kaunti akija na rangi nyekundu kuchora X ukutani.

Mchora Plani: Ningemsomea.

Kuku wa Kibuye: Ukiwa umesimama wapi? 😂

Mama wa Ghorofani: Kodi ya ardhi kwa kawaida hufuata thamani ya kiwanja, jengo halihesabiwi. Ukarabati usikarabati, bili ni ileile. Kwenye paa la jengo nilikopanga duka kumeota mkuyu ndani ya mfereji, na mvua ikinyesha tunatandaza magunia kwenye ngazi. Mwenye nyumba akisamehewa atashukuru, na mkuyu utazidi kunenepa. Halafu mkihesabu kutoka siku ya kupeleka plani, watu watapeleka makaratasi matupu kushika nafasi, kama mitungi kwenye foleni ya maji.

Kuku wa Kibuye: Rift Kabisa umekimbia? Jina lenyewe la Nakuru linatokana na vumbi, waulize Wamaasai.

Rift Kabisa: Nilikuwa nakula. Vumbi hufutwa na kitambaa. Gugumaji lenu mmelifuta na nini?

Kuku wa Kibuye: Gugumaji ni la ziwa, si la jiji. Nyinyi vumbi liko hadi kwenye chai.

Mkaaji wa Kaloleni: Jamani, swali langu.

Mchora Plani: Vyoo viwili kwa ghorofa ngapi?

Mkaaji wa Kaloleni: Tatu.

Mchora Plani: Na wapangaji?

Mkaaji wa Kaloleni: Maduka sita chini, vyumba kumi na nne juu.

Mchora Plani: Basi sahihi uliyokuwa unangoja ni ya afisa wa afya.