Naomba ushauri: banda la kuchemshia shira ya mepo nyuma ya nyumba

Wadau, habari zenu. Naishi Vermont, Marekani, na uani kwangu kuna miti mikubwa ya mepo (maple), ambayo utomvu wake huchemshwa hadi uwe shira tamu. Msimu uliopita nilichemshia utomvu nje, kwenye jiko la matofali, upepo ukala kuni zangu zote. Sasa nataka banda la futi 8 kwa 12 liwe tayari kabla ya Februari, maana utomvu hutoka pale usiku unapoganda na mchana baridi inapolegea.

Kinachonitatiza hasa ni mvuke. Lita 40 za utomvu hutoa kama lita 1 tu ya shira, kwa hiyo maji yote yaliyobaki yanapanda darini. Nimeona mabanda ya wenyeji yana tundu refu kwenye kipaa, lenye milango miwili ya kuvuta kwa kamba. Je, tundu lilingane na urefu wa karai la kuchemshia, au hata nusu inatosha? Na bati likitoa jasho, mnazuiaje matone meusi yasirudi kwenye shira?

Halafu bomba la moshi: mnaliachia nafasi gani lisiguse mbao za paa? Sakafu je, kokoto au zege? Ardhi ya huku ikiganda huinuka na kupasua kila kitu.

Shemeji anasema nichemshie jikoni tu. Aje kwanza aone mvuke unavyobandua rangi ukutani! Mliojenga, hata kwa mabati na mbao za mtumba, nielekezeni, hasa hapo kwenye paa.